Kazi ya Daftarini na Kazi ya Mizanini: Mwongozo wa Kujua Watu Wanavyofanya Kazi Kweli

Msimu mmoja wa korosho niliitwa kwenye chama cha msingi huko Tandahimba kusaidia kutafuta kwa nini kilo za wakulima zinachanganyika. Mkulima analeta mzigo wake, unapimwa, lakini pesa zikiingia benki anakuta pungufu, na jirani yake ana ziada asiyojua ilikotoka. Karani wa kwanza alikuwa ameshaachishwa kazi kwa kosa hilo. Wa pili alikuwa na wiki tatu tu, na makosa yalikuwa yale yale.

Utaratibu wao ulibandikwa ukutani ukiwa na mhuri: karani ataandika uzito papo hapo kwenye daftari. Nikausoma, halafu nikaenda kukaa mizanini saa kumi jioni, wakulima wanapoanza kumiminika.

Mizani ilikuwa nje chini ya mwembe, kwa sababu ndipo guta na bodaboda zinaposhushia magunia. Daftari lilikuwa ndani, juu ya meza ya ofisi. Karani anasoma mizani, anaandika namba kwa kalamu ya wino nyuma ya kiganja chake cha kushoto, anapima gunia la pili, la tatu, la nne, ndipo anakimbilia ndani kuhamishia daftarini. Joto la Novemba mnalijua. Nilimwona akifuta jasho usoni kwa mkono ule ule, na aliporudi kuutazama, 68 ilikuwa imebaki kama 63. Akaandika 63. Hakuwa mwizi wala mzembe. Aliandika alichokiona.

Nilipomuuliza kwa nini daftari halitoki nje, akanijibu kwamba msimu uliopita mvua ililowesha kurasa, mwenyekiti akapiga marufuku lisitoke ofisini. Kwa hiyo alikuwa na amri mbili: aandike papo hapo, na daftari lisitoke. Kiganja chake ndicho kilikuwa njia pekee ya kuzitii zote mbili.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayesimamia kazi ya watu: kiongozi wa chama cha msingi, msimamizi wa ghala, mwenye kiwanda kidogo cha kubangua, mganga mfawidhi wa zahanati, hata mwenye mashua tatu pale Mikindani. Wataalamu wa ergonomia, yaani elimu ya kulinganisha kazi na mtu anayeifanya, wa Ufaransa wamezoea tangu zamani kutenganisha kazi iliyoagizwa na kazi halisi. Erik Hollnagel, mtaalamu wa usalama kutoka Denmark, huzungumzia kazi inavyodhaniwa na kazi inavyofanyika. Mimi, tangu siku ile chini ya mwembe, naziita kazi ya daftarini na kazi ya mizanini.

Hatua ya kwanza: chagua kazi moja, tena ndogo

Usiseme unataka kuelewa ghala zima. Chagua kitu chenye mwanzo na mwisho unaoweza kuutazama ukiwa umekaa: gunia kutoka kwenye guta hadi kwenye daftari, mgonjwa kutoka mlangoni hadi dirisha la dawa, korosho kutoka kwenye chungu cha mvuke hadi kwenye trei. Kazi ikiwa kubwa utaishia kukusanya maoni ya watu kuhusu kazi, na kazi yenyewe hutaiona.

Hatua ya pili: pata ahadi ya bosi kabla hujamsogelea mfanyakazi

Wengi huiruka hatua hii, na ikirukwa nyingine zote ni bure. Kabla hujaenda mizanini, kaa na mwenyekiti au mwenye kiwanda, umwombe atamke mbele ya mashahidi kwamba hakuna atakayefukuzwa, kukatwa mshahara wala kuhamishwa kwa sababu ya utakachokiona. Asipokubali, usiende. Utakuwa umemchongea mtu aliyekuamini, na mwakani hakuna atakayekuonyesha chochote.

Pale Tandahimba mwenyekiti alisita. Alitaka kwanza aniambie nani mzembe. Nilimwomba tu anijibu swali moja: makarani wawili, watu tofauti kabisa, wakifanya kosa moja kwenye kiti kimoja, tumtazame mtu au tukitazame kiti? Akakaa kimya kidogo, kisha akaita mkutano mfupi na kutoa neno lake.

Halafu jieleze kwa wafanyakazi kwa lugha yao. Mimi husema hivi: "Nimekuja kujifunza kazi hii inavyofanyika, siyo kukagua. Nitakachoandika nitakusomea wewe kwanza." Na ninasoma kweli. Wazee waamkie shikamoo kabla ya kutoa daftari lako. Wao wakikaa mkekani, kaa mkekani. Ukisimama na kalamu juu ya kichwa cha mtu aliyeketi, hata ukicheka naye, umeshakuwa mkaguzi.

Hatua ya tatu: andika kwanza kazi ya daftarini

Chukua ukurasa, uandike kazi inavyotakiwa kwenda kwa mujibu wa utaratibu, mwongozo wa mashine, au maneno ya msimamizi. Mstari kwa mstari. Acha upande wa kulia mtupu kwa ajili ya utakachokiona. Dakika ishirini zinatosha.

Hatua ya nne: kaa, utazame, na uje saa inayostahili

Kila kazi ina saa yake ya kweli. Anayetaka kujua upuliziaji wa salfa mikoroshoni akafika saa nne asubuhi atakuta mashine imeshaoshwa, kwa sababu wapuliziaji hutoka alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaanza. Ukienda nao alfajiri utaona jambo usiloliona kwenye semina: barakoa inalowa jasho, miwani inashika ukungu, mtu haoni shina lililo mbele yake, basi anaishusha barakoa shingoni na kujifunga kitambaa. Mizani nayo ukiitazama saa nne asubuhi ina mtu mmoja na karani anaandika vizuri kabisa. Njoo jioni foleni ikiwa imefika barabarani. Njoo siku umeme umekatika na karani kashikilia tochi ya simu kwa meno. Njoo wakati wa Ramadhani, saa za mwisho kabla ya futari, nguvu zikiwa zimepungua na kila mtu anataka kuwahi nyumbani. Tazama siku tatu kwa uchache. Siku ya kwanza watu hufanya kazi kwa ajili yako. Siku ya tatu wamekuzoea, wanafanya kazi.

Utazame nini? Anza na vitu ambavyo wafanyakazi wamejitengenezea wenyewe. Kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya swichi, alama ya kalamu kwenye mizani, tofali lililowekwa chini ya mguu wa mashine, kamba inayozuia mlango usifunge, kikopo kilichokatwa kikawa kipimo. Kila kimoja ni kiraka, na chini ya kiraka pana tundu. Kwenye ghala moja niliona fundo la kitambaa chekundu limefungwa kwenye mlingoti mmoja kati ya mingi. Mpagazi mmoja mzee akanieleza kwamba magunia ya daraja la kwanza na la pili yanafanana, maandishi hufutika yakiburuzwa sakafuni, kwa hiyo wao wakaamua kwamba upande wa kitambaa ni wa daraja la pili. Ghala lile lilikuwa na mchoro rasmi wa mpangilio uliokuwa na kila kitu isipokuwa fundo lile, na fundo lile ndilo lililokuwa likizuia mzigo usichanganyike. Siku mgeni angelifungua kwa nia ya kufanya usafi, kesi ingeanza.

Tazama pia miguu. Hesabu mara ngapi mtu anainuka, anazunguka meza, anarudi. Karani wetu aliingia ofisini na kutoka mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu jioni ya kwanza. Tazama macho: yanatafuta nini ambacho hakionekani? Sikiliza majina nayo. Kusini mwetu Hamisi na Fatuma ni wengi mno, na kwenye foleni ile walikuwepo watu watatu waliofanana majina mawili ya mwanzo. Mwenye utaratibu alikuwa hajafikiria kwamba jina linaweza kuwa mtego.

Andika unachokiona, hukumu isubiri. "Ameandika mkononi" ni unachokiona. "Hafuati utaratibu" ni hukumu, na ukianza kuziandika hizo hutaona tena kitu.

Hatua ya tano: uliza, lakini siyo "kwa nini"

Kwetu "kwa nini umefanya hivi?" husikika kama mwanzo wa kesi. Mtu hujitetea au hukupa jibu la kukuridhisha: "Hakuna shida, bosi." Ukisikia "hakuna shida" mara tatu mfululizo, fahamu kwamba hujaaminiwa bado. Maswali yaliyonisaidia ni haya. Mara ya mwisho kazi ilipokwama, ilikuwaje? Mgeni akianza kesho, utamwambia ajihadhari na nini? Siku ya mzigo mwingi, kipi huwa unakiacha ili kazi iende? Na lile ninalolipenda kuliko yote: nionyeshe.

Muulize mtu akiwa na chombo chake mkononi, siyo ofisini. Kumbukumbu nyingine zimo vidoleni, haziji mdomoni mpaka mkono uguse kitu. Na kama kazi ni ya akina mama na msimamizi ni mwanamume aliyesimama karibu, subiri aende kunywa chai. Nimesikia ukweli mwingi zaidi katika robo saa ile ya chai kuliko katika vikao.

Ukipata jibu linalogongana na sheria, kaa nalo. Kuna msemo kwamba mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Chukua mfano wa kangomba, yaani ununuzi wa korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho za kusini msimu wa 2007/2008: mkulima anapeleka ghalani, mzigo unapigwa mnada, ndipo analipwa. Kuuza pembeni kwa kangomba ni marufuku, na mkulima hupunjwa kweli. Lakini kaa na mama mwenye magunia mawili ambaye mtoto wake ana homa usiku huu, na mnada ni wiki ijayo. Mwulize "nionyeshe" na atakuonyesha kibubu kitupu. Sitetei kangomba, imewaumiza watu ninaowajua. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuikomesha kwa tangazo peke yake hajafika nyumbani kwa yule mama.

Hatua ya sita: ifanye kazi hiyo mwenyewe

Hata kwa saa moja. Kiwanda kimoja kidogo hapa Mtwara mjini kilikuwa kimegawa glovu kwa wabanguaji, na glovu zikawa zinakutwa zimetundikwa msumarini. Msimamizi alisema akina mama wakaidi, hawapendi afya zao. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na vidole vya baadhi yao vilikuwa vyeusi na vimechubuka. Kwa nini mtu akatae kujikinga?

Niliomba kukaa kwenye mashine. Unashika korosho kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, unaiweka katikati ya visu viwili, mgongo wake ukae sawasawa kwenye mkunjo wa kisu, unakanyaga, unainua mpini, ganda linafunguka. Yote kwa pumzi moja. Nilipovaa glovu ile nene, sikuhisi mgongo wa korosho uko wapi. Nyingi zilivunjika. Ncha ya glovu ilinaswa na kisu mara mbili, nikaogopa. Mama aliyekuwa pembeni yangu akacheka kwa upole, akasema, "Mwanangu, hapa tunalipwa kwa kilo za nzima." Hapo nikaelewa. Kila glovu iliyovaliwa ilikuwa inakata chakula cha jioni. Walikuwa wamejitafutia kinga yao: mafuta ya kupikia vidoleni, kisha majivu. Haikutosha, lakini iliwaachia hisia ya vidole.

Mwenye kiwanda, kwa heshima yake, alikubali kununua aina tatu za glovu nyembamba na kuwaachia wao wachague, na kwa wiki ya kujaribu aliwalipa kwa wastani wao wa kawaida ili anayejifunza asipate hasara. Walichagua zile zinazobana vidole, tena za saizi ndogo. Zile alizonunua mwanzo zilikuwa za mikono ya wanaume.

Hatua ya saba: tafuta mtego

Sasa weka ukurasa wako mbele yako, kushoto daftarini, kulia mizanini. Kila panapotofautiana, jiulize: mtu mwingine mwema, mwenye akili zake timamu, akiwekwa hapa jioni ile, angefanya nini? Kama angefanya hivyo hivyo, umepata mtego.

Kisa kinachojulikana sana ni cha ndege za kivita za Marekani, B-17, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Marubani wazoefu walikuwa wakitua salama, halafu ndege ikiwa chini wanakunja magurudumu badala ya mabawa madogo yanayosaidia ndege kutua, ndege inalala tumbo. Ikaitwa makosa ya rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipokwenda kutazama ndani ya chumba cha rubani alikuta swichi mbili zinazofanana zimekaa pamoja. Alipendekeza kila moja iwe na umbo lake, moja kama gurudumu, nyingine kama bawa, ili mkono ujue hata gizani. Mpaka leo mpini wa magurudumu kwenye ndege za abiria una umbo la gurudumu.

Mtego wa pili huwa ni alama inayodanganya. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, valvu moja ilikwama wazi na maji ya kupoza yakawa yanatoroka. Taa kwenye ubao ilionyesha kwamba valvu imeamriwa kufunga. Haikuonyesha kama imefunga kweli. Waendeshaji waliiamini, na zaidi ya saa mbili zilipita kabla njia ile haijazibwa. Nakumbuka kisa hiki kila ninapoona daftari la ghala. Mstari ulioandikwa unasema gunia limeandikwa. Hausemi gunia limeingia.

Hatua ya nane: badilisha kidogo, kwa mpangilio huu

Kwanza ondoa mtego wenyewe ikiwezekana. Ikishindikana, badilisha chombo au sehemu kilipokaa. Orodha ya kukumbushana iwe ya tatu, mafunzo yafuate, tangazo la ukutani liwe la mwisho kabisa. Viongozi wengi huanza na tangazo kwa sababu ni rahisi kulichapa.

Orodha nayo si kitu cha kudharau ikitengenezwa vizuri. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya upasuaji salama yenye mambo 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa hapa Tanzania. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ndani ya orodha hiyo mna jambo linaloonekana dogo: kabla ya kupasua, kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake. Muuguzi aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja hupata wepesi wa kusema, "Daktari, subiri." Ukitengeneza orodha yako, ifanye fupi, watumiaji waiandike nawe, na ijaribiwe siku ya mzigo mwingi.

Pale mizanini hatukununua chochote cha maana. Karani, wapagazi wawili, mwenyekiti na mimi tulikaa chini ya mwembe asubuhi moja. Karani ndiye aliyesema daftari libaki ndani kama mwenyekiti anavyotaka, ila yeye apewe ubao mweusi wa shule wa kutundika kwenye mti na chaki. Kila mkulima apewe kadi ya namba anapofika, ili namba imbebe badala ya jina. Uzito uandikwe ubaoni mbele ya namba, mkulima ausome kwa sauti, ndipo gunia lishuke. Yakifika magunia matano ubao unaingia ndani na mkulima wa mwisho kama shahidi. Mwenyekiti akauliza kuhusu wasiojua kusoma. Mpagazi mzee akajibu kwamba pesa kila mtu anaijua kuisoma.

Hatua ya tisa: rudi

Rudi baada ya wiki mbili bila kutangaza, na baada ya miezi miwili tena. Usiulize kama mabadiliko yanafuatwa, kwa sababu utaambiwa ndiyo. Kaa ulipokaa mara ya kwanza, utazame viraka vipya. Kama mabadiliko yako yametelekezwa, yalikuwa na mtego wake, na unaanza tena bila kinyongo. Kama watu wameyakarabati, andika walivyoyakarabati.

Niliporudi Tandahimba ilikuwa Desemba, mvua za kwanza zimeanza. Mkono wa kushoto wa karani ulikuwa safi. Ubao ulikuwa pale mtini, lakini ulikuwa umegeuzwa, umeipa foleni uso wake, na yeye anaandika akiwa amesimama ubavuni. Juu yake walikuwa wamepigilia kipande cha bati la kuzuia matone. Mkulima wa namba 14 aliposoma kilo zake, watu wanne nyuma yake walizisoma pamoja naye.

"Nani kaugeuza?" nikauliza.

"Sisi," karani akasema, akaendelea kupima.